London–New York: mbona kwenda saa 8, kurudi saa 7?

Rula_na_Ramani
Wakuu, Heathrow (uwanja wa London) hadi JFK (uwanja wa New York) ni kama kilomita 5,540. Ndege kubwa hukata kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo napata saa 6 na dakika 9. Tiketi inasema kuondoka London 11:00, kufika New York 14:00. Kurudi ni 19:00, kufika 07:00 kesho yake. Nikihesabu tofauti ya saa 5, kwenda ni saa 8, kurudi saa 7. Je, ni kwa kuwa dunia inazunguka?

Upepo_wa_Juu
Dunia haihusiki hapo, mkuu. Hewa inazunguka pamoja nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Mchawi ni upepo. Kilomita 10 hivi juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo mkali wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi nguvu.

Ile 900 ni kasi ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa: kwenda New York unabaki na 800, yaani saa 6 na dakika 55. Kurudi unapata 1,000, saa 5 na dakika 32. Sasa jumlisha: safari nzima imezidi ile isiyo na upepo kwa dakika 9, maana unapingwa kwa muda mrefu kuliko unaosukumwa.

Februari 2020, upepo wa dhoruba uliifikisha Boeing 747 London kutoka New York kwa saa 4 na dakika 56. Juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvunja kasi ya sauti, maana hiyo hupimwa ndani ya hewa.

Geti_hadi_Geti
Dakika zilizobaki kwenye ratiba ni za uwanjani. Muda wa ratiba huanza ndege inapoachia geti na kuisha inapoegesha geti la pili. Humo kuna foleni ya kuruka, kupanda kwa kasi ndogo, mizunguko ya kusubiri kutua, na dakika za akiba ambazo shirika hujiwekea lisionekane limechelewa. Na hizo 5,540 hazifuatwi kamili: njia za kuvuka Atlantiki hupangwa upya kila siku kwa kufuata upepo. Kuongeza kilomita mia kadhaa ili kuukwepa mkondo kunaweza kuokoa muda.

Nyuzi_na_Duara
Kama umbali unautafuta mwenyewe, usiweke rula kwenye ramani bapa. Ule mstari ulionyooka ni kama kilomita 5,750. Njia fupi hupinda kuelekea kaskazini. Kanuni:

cos d = sin A × sin B + cos A × cos B × cos(tofauti ya longitudo)

A na B ni latitudo (51.47 na 40.64), tofauti ya longitudo ni 73.33. Tafuta d (pembe kati ya miji miwili ukiwa katikati ya dunia) kwa radiani, zidisha kwa 6,371, nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Kwenye jedwali la kompyuta geuza nyuzi ziwe radiani kwanza, la sivyo jibu litakuwa takataka.

Halafu angalia tarehe. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho. Katikati hapo tofauti ni saa 4.

Rula_na_Ramani
Kumbe! Tiketi ya 20 Machi inasema 11:00 hadi 15:00, nikaihesabu saa 9. Ni zilezile 8.