MREJESHO: Njia ya waenda kwa miguu kuelekea kituo cha mwendokasi, Mbagala

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri kuhusu mtaro wa wazi mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, uliokuwa ukiwalazimisha wanafunzi na kina mama kupita katikati ya bajaji kwenda kituo cha mabasi ya mwendokasi.

Aliyeniambia nijue kwanza barabara ni ya nani, Mungu akubariki sana. Barabara ya Kilwa iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), ila za mitaani kama yetu ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), iliyoanzishwa 2017. Hilo peke yake lilituokoa na kuzungushwa. Hoja tukaipitisha kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri kwenye muhtasari, tukaambatanisha picha za kipindi cha masika, na diwani akaibeba.

Mtaro umefunikwa kwa mifuniko ya zege! Bibi mmoja jirani, anayetembelea mkongojo, sasa anafika kituoni bila kushikwa mkono. Nimefurahi mno.

Ushauri wa kuongea na viongozi wa kijiwe cha bodaboda umefanya kazi nusu. Asubuhi njia iko wazi, lakini jioni wanapaki juu yake kama zamani, na lori la mchanga limeshapasua mifuniko miwili karibu na kona. Tunaendelea kuongea nao.

Kwa atakayefuata njia hii: baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kila tulipokwenda kufuatilia, hiyo ndiyo tuliyoombwa kwanza.

Asanteni sana wote.