Tupeane uzoefu: kadi ya mkopo ya zamani ilipokwamisha mkopo wa nyumba

Mpangaji Sugu: Wakuu, heshima kwenu. Nimemsindikiza dada yangu kwa afisa mikopo, ombi lake la nyumba likakwama kwa kadi ambayo hajaigusa miaka. Hakuna alichonunua nayo. Ada ya mwaka ilikatwa, ikazaa faini na riba, bili zikawa zinakwenda anwani ya zamani. Deni lenyewe dogo mno, ila kwenye ripoti yake ya mikopo anasomeka mtu asiyelipa. Waliopita njia hii wafunguke.

Bibie: Hiyo ada ya mwaka ni mwiba. Imewakuta wengi.

Mama Wawili: Umenitonesha kidonda. Mimi na mume wangu tuliomba pamoja. Kipato kipo, malipo ya awali tumeshakusanya, muuzaji ametukubalia. Afisa akageuza skrini upande wetu, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja: "Na hii vipi?" Kadi ya mume wangu, imejaa hadi kwenye limiti, kila mwezi inalipwa kile kiwango cha chini tu. Chini yake, pesa taslimu zimetolewa ATM kwa kadi hiyohiyo, tena na tena. Sikuwahi kujua kama ipo. Mume wangu akainamisha kichwa. Ikabidi nimuulize mbele ya mtu baki. Kumbe alikuwa anagharamia matibabu ya baba yake. Afisa, kwa upole kabisa, akasema yeye hapimi sababu: rejesho la kadi la kila mwezi linatolewa kwenye kipato kwanza, kinachobaki ndicho kinachokopesheka. Mkopo ukapungua, bei ya nyumba hatukuifikia, akauziwa mwingine. Nyumba zipo nyingi. Kilichoniuma ni kusikia habari za mkwe wangu kwenye meza ya benki.

Mnyoofu: Shemeji, mwanaume anamuuguza baba yake, unamleta kumsimanga humu?

Mama Wawili: Simsimangi. Angeniambia, tungechanga wote na kadi isingejaa.

Shangazi Mtu: Mnyoofu, mwanangu, mnasaini deni la nusu ya maisha halafu mmoja anaficha jingine? Huyo mwenzio unamtosa.

Mnyoofu: Shangazi, kuna siri za kulinda heshima ya mzee.

Mpangaji Sugu: Jamani, turudi kwenye mada. Mama Wawili, pole sana.

Fundi Bomba: Dawa moja tu: kata kadi zote kwa mkasi, funga akaunti, nenda ukaombe mkopo ukiwa mweupe.

Dawati la Mikopo: Fundi, usiwapotoshe watu. Hii ndiyo kazi yangu. Ukifunga kadi ya zamani iliyolipwa vizuri, limiti yako yote kwa jumla inashuka, kwa hiyo deni lililobaki kwenye kadi nyingine linaonekana limekula sehemu kubwa zaidi. Chukua alama za FICO za Marekani, zile zinazopima mkopaji anaaminika kiasi gani: historia ya malipo inabeba 35%, kiasi unachodaiwa 30%. Malipo yakichelewa siku 30, doa linaweza kukaa kwenye ripoti miaka 7 kule, Uingereza 6. Na tangu 2016 mfumo wa Fannie Mae, kampuni ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, unatazama mwenendo wa kadi miezi 24 nyuma, kwa hiyo anayemaliza deni kila mwezi na anayelipa kiwango cha chini hawasomeki sawa. Kutoa taslimu kwa kadi nako kunamtia mkopeshaji wasiwasi, maana anaona mtu aliyeishiwa. Kadi yenye ada usiyoihitaji, lipa yote, funga, dai barua ya kuthibitisha, na ufanye hivyo mapema, si wiki ya kuomba.

Fundi Bomba: Nimekuelewa. Ila kwa mtu asiyejizuia, mkasi bado nausimamia.

Bibie: Dawati, na anayelipa yote kila mwezi lakini ripoti inaonyesha deni?

Dawati la Mikopo: Mara nyingi benki hupeleka salio la siku bili inapofungwa, si la siku ya mwisho ya kulipa. Lipa kabla bili haijafungwa. Na ukishakubaliwa, usichukue kadi mpya wala kununua fanicha kwa mkopo mpaka pesa zitoke, maana ripoti inaweza kuvutwa tena.

Shangazi Mtu: Mwanangu mmoja alikuta kwenye ripoti yake kadi ya mtu wanayefanana majina. Akapinga kwa maandishi, akaambatisha kitambulisho, ikafutwa. Vuteni ripoti zenu miezi kadhaa kabla, na wanandoa msomeane nyumbani.