Naomba ushauri: Prince of Persia ya DOS inanidai neno la kwenye kijitabu

Mzee_wa_Disketi: Wakuu habari zenu. Nina gemu ya Prince of Persia ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta), ile ya 1990. Nikivuka mwanzo inanidai neno la siri la kwenye kijitabu, nami kijitabu sina. Naikwepaje? Nimekwama kabisa.

Kisogo: Umenikumbusha mbali, hizo kinga za kuzuia gemu zisinakiliwe. SimCity ilikuja na karatasi nyekundu iliyokolea ili fotokopi isisomeke. Monkey Island ilikuwa na gurudumu la kadibodi, unazungusha hadi nusu mbili za uso wa haramia zikutane, ndipo usome mwaka ambao gemu inauliza. La kwetu tulilichora upya kwa kalamu na mkasi.

Mama_Nuru: Kunakili ni wizi tu. Nunua gemu halali, kijitabu utakipata.

Rejista: Programu inalinganisha jibu lako na lililo sahihi, kisha inaruka: endelea au kosa. Wavunjaji wa kinga hizo walifungua faili kwenye kihariri cha heksa (programu ya kuona na kubadili faili baiti kwa baiti), wakageuza baiti moja yenye thamani 74 ikawa EB. Mruko wa masharti ukawa wa lazima, jibu lolote likapita. Ila mkuu, una faili lililovunjwa tayari?

Mzee_wa_Disketi: Ndiyo, rafiki kanipa kwenye flashi. Antivirusi inalikataa, nataka niizime kidogo tu. Rafiki namwamini, mwenyewe analicheza.

Kisogo: Kompyuta ni ya nani?

Mzee_wa_Disketi: Ya kazini. Lakini wikendi haina mtu, na mafaili ya ofisi yako folda nyingine.

Dodosa: Hii chai. Prince of Persia haikuandikishi neno. Unakuta chumba cha chupa zenye herufi, unatajiwa ukurasa, mstari na neno, unakunywa chupa yenye herufi ya kwanza ya neno hilo. Hujawahi kufika.

Mzee_wa_Disketi: Nimefika! Nilifupisha maelezo tu.

Kisogo: Anayefika hasahau zile chupa.

Rejista: Chai au si chai, jibu litamfaa mwingine. Usilifungue faili hilo. Lilinganishe na lako halisi kwa fc /b, amri inayoonyesha baiti zinazotofautiana kati ya mafaili mawili. Zikitofautiana baiti chache, huenda huo ni mruko uliogeuzwa. Likiwa limenenepa, huenda kuna kitu kimepandikizwa. Na ucheze ndani ya DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya DOS), kwenye mashine yako, si ya mwajiri.

Mzee_wa_Disketi: Nimelinganisha. Baiti ni chache kweli. Sasa nizime antivirusi?

Rejista: Zibandike hapa kwanza tuzione.