Misimbo iliyofichwa ndani ya Torati: ujumbe wa Mungu au bahati nasibu?

Mwana wa Nuru
Chukua kitabu cha Mwanzo kwa Kiebrania, ondoa nafasi zote kati ya maneno, herufi zibaki mfululizo. Shika herufi tav ya kwanza kabisa, ile inayofunga neno la kwanza. Ruka herufi 49, ya 50 ni vav. Ruka tena 49, unapata resh. Tena, unapata he. Umesoma TORAH, yaani Torati. Nenda Kutoka, anza na tav ya kwanza, ruka vilevile, linatoka neno lilelile. Rabi Weissmandl alikuwa anazitafuta hizi kwa mkono kabla ya kompyuta. Mwaka 1994 Witztum, Rips na Rosenberg wakachapisha kwenye jarida la Statistical Science kwamba majina ya marabi 32 yako karibu na tarehe zao za kuzaliwa au kufa ndani ya Mwanzo, na uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati ni 16 katika milioni. Anayesema ni bahati nasibu atuletee hesabu, si kejeli.

Mpiga Hesabu
Hesabu hizi hapa. Mwanzo ya Koren, chapa ya Biblia ya Kiebrania inayotumika kutafuta misimbo hii, ina herufi 78,064. Alfabeti ina herufi 22, kwa hiyo neno la herufi 4 lina nafasi 1 kati ya 234,256 kwa kila jaribio. Majaribio ni mangapi? Kila herufi inaweza kuwa mwanzo, ukubwa wowote wa kuruka unaruhusiwa, mbele na kinyumenyume: karibu bilioni 2. Gawanya. TORAH inatarajiwa zaidi ya mara 8,000 ndani ya Mwanzo peke yake.

Marabi nao: kasoro iko kwenye orodha. Rabi mmoja ana jina, ukoo, lakabu, hata jina la kitabu chake, na tahajia zaidi ya moja. Nani anachagua kipi kiingie? Mwaka 1999 McKay, Bar-Natan, Bar-Hillel na Kalai walijibu kwenye jarida hilohilo. Walibadilisha uteuzi wa lakabu kidogo tu, na matokeo ya namna ileile yakatoka kwenye tafsiri ya Kiebrania ya War and Peace, riwaya ya Tolstoy. Ni mchezo uleule wa ile meseji ya WhatsApp kwamba Zaburi 118 ndiyo katikati ya Biblia.

Binti Sayuni
Mkuu, Zaburi 118 imekukosea nini? Sura 594 kabla yake, 594 baada yake, jumla 1188, na 118:8 inasema ni heri kumkimbilia Bwana kuliko kuwatumainia wanadamu. Hilo halihitaji Kiebrania wala kompyuta. Watu wamefarijika nalo, wewe unaliita mchezo.

Mwalimu wa Zamu
Dada yangu, aya ni nzuri na faraja yake ni ya kweli. Hesabu ndiyo haisimami. Jumlisha sura kuanzia Mwanzo hadi mwisho wa Ayubu: ni 478. Ongeza Zaburi 117, unafika 595. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo ya katikati ni ya 595, yaani Zaburi 117, ile fupi ya aya mbili. Aliyetunga meseji aliiruka sura yenyewe ya katikati. Tena mgawanyo wa sura tunaotumia unatoka kwa Stephen Langton, karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya ni za mchapaji Robert Estienne, mwaka 1551.

Mparokia
Biblia ya vitabu 66 ndiyo Biblia ya nani? Tobiti ina sura 14, Yudithi 16, Wamakabayo wa kwanza 16, wa pili 15, na kwenye Biblia yetu vyote vinne viko kabla ya Zaburi. Katikati yenu inahama. Halafu kwenye Vulgata, Biblia ya Kilatini, hiyo Zaburi 118 ni ya 117.

Mlokole wa Kweli
Vitabu mlivyoongeza kwenye mtaguso wa Trento mwaka 1546 visituharibie hesabu.

Mparokia
Tumeongeza?! Mtaguso wa Kartago wa mwaka 397 ulivitaja Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Trento. Luther mwenyewe, Biblia yake ya 1534, hakuvitupa. Alivitenga katikati ya Agano la Kale na Jipya na kusema vinafaa kusomwa. Soma historia kabla ya kututukana, ndugu.

Mlokole wa Kweli
Yerome, mtafsiri wa Vulgata, alivitofautisha na vile vya Kiebrania, mbona humtaji? Wayahudi waliokabidhiwa mausia ya Mungu hawanavyo.

Mwana wa Nuru
Jamani, turudi. Mpiga Hesabu, neno la herufi 4 ni rahisi kulishambulia. Jina la Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, je? Herufi 8, limetokea mara moja tu katika Torati nzima, na linakatiza kwenye maneno ya muuaji atakayeua. Drosnin, mwandishi wa kitabu The Bible Code, alimwandikia Rabin kumwonya mwaka 1994. Rabin akauawa tarehe 4 Novemba 1995.

Mpiga Hesabu
Torati nzima ina herufi 304,805. Kwa neno la herufi 8, njia ileile inatoa matarajio ya robo ya tukio, hata kama kila herufi ingepewa nafasi sawa. Lenyewe linaruka herufi 4,772 kwa 4,772, maana yake linatandaa juu ya herufi 33,404. Mwandishi akiongeza au kupunguza vav moja ndani ya hapo, jina linakufa. Na nakala zinatofautiana: Torati za Wayemeni hazilingani na Koren kwa herufi chache za tahajia. Kuhusu kukatiza: ukishapata jina, unapanga mistari upana wa herufi 4,772 ili lisimame wima, kisha unavua chochote kilicho jirani. Aliyevua hapo alikamata Kumbukumbu 4:42, aya inayomhusu aliyeua bila kukusudia, wa kukimbilia miji ya makimbilio. Muuaji wa Rabin alikusudia.

Drosnin alisema ataamini akionyeshwa mauaji ya waziri mkuu ndani ya riwaya ya Moby Dick. McKay akamwonyesha Indira Gandhi, waziri mkuu wa India aliyeuawa. Na Rips mwenyewe alijitenga na kitabu cha Drosnin mwaka huohuo kilipotoka, 1997.

Mwana wa Nuru
Rips alijitenga na utabiri wa Drosnin, hakujitenga na misimbo. Usichanganye.

Mwalimu wa Zamu
Yapo mafumbo ambayo waandishi wenyewe waliyaweka, na hakuna anayeyagombania. Yeremia 25:26 inamtaja mfalme wa Sheshaki. Geuza alfabeti ya Kiebrania: herufi ya 2 ibadilishane na ya 21, ya 11 na ya 12. Inasomeka Babeli. Zaburi 119 ina mafungu 22 ya aya 8, kila fungu kwa herufi yake, jumla aya 176. Hayo hayapotei nakala ikikosea herufi moja.

Binti Sayuni
Na 666, namba ya mnyama kwenye Ufunuo, je? Huku Kenya mwaka 2019 watu walikataa Huduma Namba, namba ya usajili ya serikali, kwa sababu hiyo, wakaitwa washamba.

Mwalimu wa Zamu
Kwa Kiebrania kila herufi ina thamani ya namba. Andika Neron Kaisari, yaani Kaisari Nero wa Roma: nun 50, resh 200, vav 6, nun 50, kof 100, samek 60, resh 200. Jumla 666. Ondoa nun ya mwisho, upate Nero kama Walatini walivyotamka, inabaki 616, na 616 ndiyo iliyoandikwa kwenye papiri ya P115, nakala ya kale ya Ufunuo, badala ya 666.