Diski ya studio imeonyesha njano, yaani onyo, picha zote zimo humo. Nianzie wapi?

StudioMajengo
Salaam wadau. Kompyuta ya studio hapa Majengo, Mombasa, ina diski moja ya inchi 3.5, TB 2, imejaa picha za harusi za wateja na nakala hakuna. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaandika "Caution" (tahadhari): C5 (sekta zinazosubiri kuamuliwa) ni 10, C6 (zisizosomeka kabisa) na 05 (zilizobadilishwa na za akiba) ni 0, joto digrii 51. Folda zingine zinaganda nikizifungua, ila diski hailii. Fundi anasema niipige chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usiku kucha. Nimsikize? Na nikinunua nyingine, itadumu vipi na hii hewa ya bahari na stima inayokatika ovyo?

FundiDiski
Usiipige, tafadhali. chkdsk /r inasoma diski nzima na kuandika juu yake, na diski mgonjwa inaweza kufia hapo hapo. Okoa data kwanza, ukarabati baadaye.

Hiyo 10 ya C5 nayo ni 16, maanake CrystalDiskInfo huonyesha namba kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Kuna sekta (vipande vidogo vya diski) 16 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamua.

Zima sasa hivi. Tafuta diski ya TB 4, uiformati kwa mfumo wa faili wa ext4 au NTFS. FAT32 haipokei faili ya zaidi ya GB 4. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, hakikisha majina ya diski kwa amri ya lsblk, ingia kwenye ile diski mpya kisha endesha ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -d -n /dev/sdb studio.img studio.map

Hapo sdb ndiyo ile mbovu, studio.img ni nakala yake nzima, na studio.map ni kumbukumbu ya kazi. Mzunguko huu unachukua sehemu nzima na kuruka penye shida. Ukiisha, rudia na -r3 badala ya -n, faili ya map ile ile, nayo itarudi kwenye mapengo tu. Stima ikikatika katikati, map inakumbuka ulipofika. Elekeza feni kwenye diski muda wote, ni kazi ya saa kadhaa. Ikianza kulia tak-tak, chomoa: hivyo ni vichwa vya kusomea, na kila dakika vinaweza kukwaruza sahani za ndani zinazobeba data. Usiifungue wala kuitia friza. Unyevu utaganda juu ya sahani.

BintiKisauni
Kaka, tazama C7 pia, hesabu ya makosa ya mawasiliano. Ikipanda peke yake, badilisha kebo ya SATA, ile ya data inayounganisha diski na kompyuta, kabla ya kulaumu diski.

StimaSafi
Digrii 51 ni nyingi. Diski nyingi za mezani kikomo chao ni 60, lakini lenga chini ya 45: feni ya sentimita 12 mbele ya kasha, ipulize moja kwa moja kwenye diski.

Kuhusu stima, nunua UPS (betri ya akiba) ya VA 650 yenye AVR (kidhibiti cha volti), uunganishe waya wake wa USB ili kompyuta ijizime betri ikishuka. Printa ya leza usiichomeke humo, itaizidi nguvu.

Chumvi inafanya kazi polepole. Diski ya kawaida ina kitundu cha kupumulia chenye chujio, usikibandike stika. Ubao wake wa chini ndio unaoliwa, hasa viunganishi vinavyogusa vichwa, huwa vyeusi. Ondoa kasha dirishani. Diski ya akiba ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, na ukiitoa chumba chenye AC kwenda kwenye joto, ngoja ipate joto la chumba ndipo uiwashe.

NakalaTatu
Hata mkitunza vipi, ipo siku itakufa. Nakala tatu, vifaa viwili tofauti, moja nje ya studio. Ya nje ichomoe ukimaliza, vinginevyo virusi vya kufunga faili vitaila nayo. RAID, diski mbili zinazoandikwa sawasawa kwa pamoja, si nakala: ukifuta picha, inafutika pande zote. SSD, diski isiyo na sahani, isikae droo miaka bila umeme, chaji yake huvuja. Na kila mwezi fungua picha chache kutoka kwenye nakala uone kama zinafunguka.

StudioMajengo
Shukran sana. ddrescue imemaliza, imebaki KB 8 tu. Ile ya zamani niitupe?

FundiDiski
KB 8 ni zile sekta 16 za baiti 512, labda picha moja au mbili. Fungua img kwa kusoma tu, nakili kila kitu, kagua. Ukiridhika, andika sifuri diski nzima ya zamani, kisha tazama. C5 ikirudi 0 na 05 ikabaki 0, pengine stima ilikatika wakati ikiandika. Itumie kwa filamu. 05 ikipanda, sahani zimeanza kuchakaa, iondoe kazini.