Krimu ya kung'arisha uso wakati nanyonyesha, naombeni ushauri

Mama Zuri: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi minne na ananyonya tu, hajaanza kitu kingine. Mimba ilipokuwa kubwa nilitokwa na madoa ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, na mpaka leo hayajaondoka. Shoga yangu ameniletea kikopo cha krimu, anasema yeye madoa yalimwisha upesi. Hakijaandikwa viambato. Kuna maelezo tu: pakaa usiku, vua dhahabu na fedha kabla ya kupaka. Sijakifungua. Je, nikiiepusha na matiti haitamdhuru mtoto?

Bi Rehema: Hongera kwa kujifungua salama, mdogo wangu. Usikifungue kabisa! Hayo maneno ya kuvua dhahabu ndiyo yaliyonishtua. Zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, hula dhahabu na fedha, kwa hiyo krimu zenye zebaki mara nyingi hubeba onyo hilo hata zikificha viambato. Na zebaki haikai pale ulipopaka. Hupenya ngozi ikaingia kwenye damu, huharibu figo na neva, na hufika kwenye maziwa, kwa hiyo kuepusha matiti hakusaidii. Tena mtoto anaweza kuipata bila hata kunyonya: analala shavu kwa shavu na wewe, anakushika uso kisha vidole mdomoni. Foronya na taulo nazo hubaki nayo. Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulilenga kuziondoa sokoni krimu hizi, lakini bado zinauzwa.

Mama wa Wawili: Mimi nilipaka mkorogo nikinyonyesha na mwanangu mzima wa afya.

Bi Rehema: Tunamshukuru Mungu, mama. Ila anayekoroga hapimi, na kopo la leo silo la jana. Wengine hutia klobetasoli, steroidi kali inayokondesha ngozi. Aliyeizoea asiache ghafla, amwone daktari wa ngozi kwanza, maana uso unaweza kulipuka vipele na wekundu.

Ummu Salma: Na zenye haidrokwinoni, ile dawa ya kufifisha madoa, je? Hizo si hata daktari huandika?

Dada Neema, mfamasia: Huandika, ila kwa anayenyonyesha tunashauri asubiri. Asilimia 35 hadi 45 ya haidrokwinoni unayopaka huweza kuingia mwilini, kiwango kikubwa kwa dawa ya ngozi. Mama Zuri, madoa ya mimba mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Linalosaidia kuliko yote ni kujikinga na jua: losheni ya zinki oksidi, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kila siku. Ikiwa na rangi ya ngozi ni bora zaidi, maana hata mwanga wa kawaida hukoleza madoa. Ukitaka dawa, muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki. Huingia mwilini kidogo sana na kwa kawaida huruhusiwa kwa wanaonyonyesha.

Mama Zuri: Asanteni sana, mmenitoa wasiwasi. Basi kikopo nakichoma leo hii.

Dada Neema, mfamasia: Usikichome! Zebaki ikipata moto hutoa mvuke, na mvuke huo ni sumu. Usikimwage chooni pia. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, kiwe mbali na mtoto, kisha uliza ofisi ya afya au ya mazingira wanapopokea taka zenye sumu. Na shoga yako mwambie akapime zebaki kwenye mkojo, hasa kama naye ana mtoto mdogo.