Kuchora umbo la mtu studio: kichwa kikubwa, miguu haitoshi kwenye karatasi, mtu anaanguka. Tatizo liko wapi?

Mwanafunzi_Nyegezi

Wakuu habari za jioni. Nipo chuo hapa Mwanza, mwaka wa kwanza wa sanaa, na muhula huu tuna studio ya kuchora umbo la mtu. Modeli anasimama mbele amevaa kaptula na singlendi, sisi tunachora kwa mkaa kwenye karatasi za flipchati, vibao tumevilaza juu ya madawati.

Yanayonishinda ni haya: kichwa kinatoka kikubwa kuliko mwili, nyayo zinaishia nje ya karatasi, na mtu aliyesimama imara kabisa mbele yangu, kwenye mchoro anaonekana anataka kuanguka. Mwalimu anasema "pima", lakini nikipima kila kitu muda unaisha na mchoro unakakamaa. Nianzie wapi? Halafu mkaa wa kuchorea wa dukani ni ghali, kuna namna nyingine? Nawasilisha.

Timazi

Mkuu, la kichwa kikubwa umelijibu mwenyewe: "vibao tumevilaza juu ya madawati". Kibao kikilala, sehemu ya juu ya karatasi inakuwa mbali na jicho na inaonekana fupi kuliko ilivyo. Mkono unafidia bila mwenyewe kujua, unachora kichwa na mabega makubwa ili yaonekane sawa kutoka hapo ulipokaa. Karatasi ikishabandikwa ukutani ndipo uongo unapojulikana. Kwa hiyo kabla ya somo lolote la vipimo, simamisheni vibao. Kama stendi hazitoshi, chukua kiti cha pili kikutazame, kibao kikae pale pa kukalia na kuegemea mgongo wa kiti.

Umbali nao ni muhimu. Modeli awe mita 3 hadi 4 kutoka kwako. Ukiwa mita moja na nusu, utosi unautazama kwa kuinua uso na nyayo kwa kuinama, na hapo hakuna kipimo kitakachokubali. Kama unatumia mkono wa kulia, weka kibao ili modeli aonekane upande wa kushoto wa ukingo wake. Macho yahame, shingo itulie. Ukilazimika kugeuza mwili kila mara, umbo linasahaulika njiani.

Sasa karatasi. Kabla ya mstari wowote wa mwili weka alama mbili tu, utosi na nyayo, ukiacha kama sentimita 4 juu na chini. Mtu wako ataishi humo. Nyayo kukosa nafasi kunatokana na kuanza na jicho na pua halafu kushuka chini ukitumaini patatosha. Gawanya nafasi ile katikati: kwa mtu mzima aliyesimama wima, nusu inaangukia kwenye kinena, si kwenye kitovu wala kwenye mkanda. Nusu ya chini ukiigawa tena unafika chini kidogo ya pia ya goti. Urefu wote ni kama vichwa saba na nusu, wengine wanafika vinane, wafupi saba. Kupima kwa penseli: kiwiko kinyooshwe kabisa, jicho moja lifumbwe, penseli iwe wima kama kibao. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, kichwa ulichopima mwanzo na kichwa unachopima mwisho si kimoja.

Kuanguka ndiko kwenye kazi. Chukua uzi, funga nati mwishoni, unayo timazi ya fundi mwashi. Ishike mbele ya jicho ipite kwenye kile kishimo kati ya mitulinga miwili, chini ya koo. Modeli akisimama kwa mguu mmoja, uzi utashuka karibu na kifundo cha mguu huo uliobeba uzito. Upande huo nyonga inapanda, na bega la upande huo kwa kawaida linashuka. Wanaoanza wanachora nyonga zote mbili sawa kwa sababu akili inajua binadamu ana pande mbili sawa. Mguu uliolegea unakosa pa kwenda, na mtu anaanguka.

Hapo kaptula inawadanganya. Lastiki yake inaweza kukaa mshazari tofauti na mfupa. Mwombeni modeli afunge utepe usawa wa zile ncha mbili za mfupa anazozigusa mbele, chini ya kiuno. Mshazari wa utepe ndio mshazari wa nyonga.

Kwa hiyo mpangilio wangu: alama mbili, kishimo cha koo, mguu wenye uzito, mshazari wa mabega, mshazari wa nyonga, mbavu kama yai, ndipo kichwa. Dakika tatu zinatosha. Uso subiri.

Kirumba_Sketi

Naongezea kwa Timazi, ila hapo kwenye mpangilio tunatofautiana kidogo. Ukianza na alama na mishazari kila mara, mchoro unakakamaa kama jamaa alivyosema. Nusu saa ya kwanza isiwe na kipimo hata kimoja. Mikao 10 ya sekunde 30, 10 ya dakika moja, 5 ya dakika mbili. Jumla dakika 25. Vunja mkaa upate kipande cha sentimita 3, ulaze ubavu, uchore kwa bega si kwa vidole. Katika sekunde 30 unatafuta kitu kimoja: mkunjo mrefu kutoka kichwani hadi kisigino cha mguu wenye uzito. Usichore ukingo wa mwili kwa nje. Kuzunguka ukingo ndiko kunakozaa sanamu.

Jicho likishaamka, sawa, timazi na vipimo viingie kwenye mkao wa dakika 20.

MamaRangi

Wanangu, kanuni ya timazi ni kweli kwa mtu aliyesimama mikono mitupu. Msiichukue mkaenda nayo soko la samaki la Mwaloni mkashangaa.

Pale Kirumba wapo wabebaji wa magunia ya dagaa. Mtu na mzigo wake ni mwili mmoja, na kinachotakiwa kukaa juu ya nyayo ni uzito wa vyote viwili. Gunia likiwa kichwani, shingo na uti vinanyooka wima na hatua zinakuwa fupi. Likiwa mgongoni, kifua kinakwenda mbele sana, na uzi wenu kutoka kwenye kishimo cha koo utaangukia mbele ya vidole. Ndoo ikiwa mkono wa kulia, kiwiliwili kinalalia kushoto na mkono wa kushoto unatoka nje. Wanaovuta mtumbwi kwa kamba ndio kabisa: wameegemea nyuma kiasi kwamba kamba ikikatika wanakaa chini. Ukimchora na kumwacha bila kamba, ataanguka hata kama kila kipimo ni sahihi. Chora kamba kwanza.

Kwa zoezi hakuna darasa zuri kuliko hilo, kwa sababu wabebaji wanarudia mwendo uleule. Usimfuate mmoja. Chagua hatua moja, kila anayepita kwenye hatua hiyo ongeza mstari. Ombeni ruhusa kwanza, na msizibe njia ya mizigo.

Studio nako modeli hatulii, msimlaumu. Mkao wa dakika 20 nyonga inazama na kidevu kinashuka. Zungusheni nyayo zake kwa chaki sakafuni, wekeni alama pale mkono unapogusa kiti, mpumzisheni dakika 5. Ule mkao mlioukamata dakika mbili za mwanzo ndio wa kushika, msiukimbize unavyoteremka.

Mwanafunzi_Nyegezi

Asanteni sana wakuu, shikamoo Mama. Leo tumesimamisha vibao na tofauti imeonekana palepale. Swali la nyongeza: kwenye kivuli. Modeli wetu ni mweusi hasa. Nikiweka kivuli kama kwenye vitabu, anakuwa doa jeusi lisilo na umbo. Nikipunguza, haonekani kuwa yeye.

Kaki_na_Chaki

Marahaba ya Mama atajibu mwenyewe, mimi nijibu la kivuli.

Vitabu vingi vimechora watu weupe, ambao umbo lao linasomeka kwenye vivuli. Kwa ngozi nyeusi umbo linasomeka zaidi kwenye mng'ao. Tazama paji la uso, mfupa wa shavu, mtulinga, kona ya bega, ugoko: pale mwanga unaruka kwa ukali na kingo kali, wakati tofauti kati ya upande wa nuru na wa kivuli ni ndogo kuliko unavyodhani. Ukianza na karatasi nyeupe na kuongeza giza, utafika kwenye nyeusi kabla hujamaliza kueleza umbo.

Anza katikati. Nunua karatasi ya kaki ya kufungia, hiyo ndiyo rangi yako ya kati. Mkaa kwa kivuli, chaki nyeupe kwa mng'ao tu. Visikutane. Chaki ikichanganyika na mkaa inatoa kijivu baridi cha matope, na ngozi inakufa. Ukiwa na karatasi nyeupe, sugua mkaa laini karatasi nzima kwa kitambaa hadi ipate kijivu, kisha mwanga uutoe kwa raba. Finya macho hadi uone makundi matatu tu: kivuli, ngozi yenye nuru, mng'ao. Ndani ya kivuli kuna nuru inayorudi kutoka sakafuni au ukutani. Iache ionekane, lakini isiwe angavu kuliko sehemu yoyote yenye nuru ya moja kwa moja. Hapo ndipo wengi wanapotoboa umbo.

Mng'ao uweke mwishoni, michache, kwa mgandamizo mmoja. Ukisugua unapotea.

Na dirisha: kanuni ya kwamba studio iwe na dirisha la kaskazini ni ya Ulaya. Mwanza ipo kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la saa sita mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo miezi hiyo dirisha la kaskazini ndilo linaloingiza jua la moja kwa moja na vivuli vinatembea mwilini huku mnachora. Miezi hiyo fungueni la kusini, zibeni la kaskazini. Oktoba hadi mapema Machi geuzeni. Muhimu chanzo kiwe kimoja. Madirisha ya pande mbili na taa ya juu vikiwaka pamoja, hakuna atakayeliona umbo.

Timazi

Mkaa tulikuwa tumeuruka. Wa jikoni usitumie, ni mgumu, una mchanga na unachana karatasi. Tengeneza: vijiti vibichi vya mti laini, vinene kama penseli, visivyo na fundo. Vimenye maganda, vikauke. Vipange wima ndani ya kopo la maziwa ya unga vikiwa vimebanana, funga kifuniko cha bati, toboa tundu moja dogo kwa msumari. Usizibe kabisa, mvuke utalirusha kopo. Weka kwenye moto nje ya nyumba. Moshi utatoka kwenye tundu, utakuwa mzito, kisha utakoma. Ukikoma ondoa kopo motoni, ziba tundu kwa udongo, uliache lipoe kabisa. Ukifungua likiwa moto hewa inaingia na vijiti vinawaka kuwa majivu. Vikitoka vya kahawia ndani, havijaiva, virudishe.

Kuhusu kuufunga mkaa usifutike, wengi wanapuliza dawa ya nywele. Kwa mazoezi inafaa, ila karatasi inageuka njano baadaye, kwa hiyo kazi ya kukabidhi tumia dawa yenyewe ya kufungia michoro ya mkaa (fixative). Puliza nje, sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Nzito inatengeneza matone na mkaa unatiririka. Jaribu kwanza kwenye kona.